Mwanafunzi mwenye mimba: tusimrudishe njiani

Hotuba ya Ijumaa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyemuumba mwanadamu kwa tone la maji, akamkalisha tumboni mwa mama yake mpaka muda wake ukatimia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba zake, na wote waliofuata njia yake mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, wake kwa waume, ninawausia ninyi pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu, kwa maana mwenye kumcha ndiye aliyefaulu.

Leo tuzungumze juu ya jambo lililo ndani ya nyumba zetu lakini halitajwi sana kwenye mimbari. Ni jambo la binti anayesoma chuo kikuu, kisha akabeba mimba kabla ya kumaliza masomo. Kwetu sisi tuliolelewa juu ya mkeka na ubao, chuo ni kile cha Kurani. Hicho kikubwa tumekijua kwa njia ya watoto wetu. Lakini watoto wetu wamefika huko, Alhamdulillahi. Mabinti wa Maniema wako hapa Kindu, wako Kisangani, wako Bukavu, wako Lubumbashi. Wanaingia wakiwa na miaka 18 au 20, wanasoma miaka mitano, na mgomo wa walimu ukiingia katikati, miaka inaongezeka. Basi hiyo ndiyo miaka ileile ambayo posa inakuja, ndoa inafungwa, na mtoto anakuja. Mtu asishangae tena kumwona mwanafunzi ana tumbo. Kitu cha kushangaa ni namna tunavyomtendea.

Maana mimba ikionekana, mara moja watu wa nyumbani wanakaa barazani na kuuliza: sasa achague lipi, mtoto au masomo? Na wakiuliza hivyo, jibu wanalo tayari mfukoni. Vitabu vinafungwa kwenye sanduku, na binti anaambiwa atarudi mwaka ujao. Mwaka ujao haufiki.

Ndugu msomaji, kabla hujajibu swali hilo, mtazame Mtume wako (S.A.W.) alifanya nini siku mwanamke alipozaa katikati ya safari kubwa.

Mwaka wa 10 wa Hijra Mtume alitangaza kwamba anakwenda kuhiji. Watu wakamiminika Madina kutoka kila upande, kila mmoja akitaka kumfuata na kufanya kama afanyavyo. Ndiyo Hija ya Kuaga. Walipofika Dhul-Hulaifa, mahali pa kuingilia ihramu kwa watu wa Madina, bibi wa Abubakari aitwaye Asma binti Umays akajifungua mtoto mwanamume, Muhammad mwana wa Abubakari. Fikiri sana hapo. Mbele yake kuna zaidi ya kilomita 400 za jangwa, juu ya ngamia. Nyuma yake Madina iko karibu, mwendo wa saa chache tu, na nyumba yake iko huko. Mimi na wewe tungesema nini? Tungesema: mama, rudi nyumbani, ukalale, hija itakuja mwaka mwingine. Na tungejiona wenye huruma.

Asma hakujificha, wala hakujiamulia peke yake. Alituma mtu kwa Mtume kuuliza afanye nini. Mtume akamwagiza aoge, ajifunge kitambaa cha kuzuia damu, kisha aingie ihramu kama wenzake. Habari hii ameipokea Jabir bin Abdillahi, nayo imo katika Sahihi Muslim. Wanachuoni wakatueleza hukumu yake: mwenye damu ya uzazi hufanya kazi zote za hija, isipokuwa kutufu Kaaba. Hilo linangoja mpaka atoharike.

Je, umeona? Hakumrudisha njiani. Wala hakumwambia afanye kila kitu kama mtu asiyezaa, kwa sababu hiyo nayo ni dhuluma. Aligawa kazi: hili unaweza leo, lile litangoja. Na msafara mzima ulikwenda na mwanamke aliyejifungua juzi pamoja na kitoto kichanga. Hatujasikia kwamba kuna mtu aliyenung'unika.

Na huyu si wa kwanza. Mwaka wa kwanza wa Hijra Asma mwingine, binti wa Abubakari, alitoka Makka kwenda Madina mimba yake ikiwa imetimia. Akafika Kuba akazaa. Akampeleka mtoto kwa Mtume, naye akatafuna tende akamtia mtoto kinywani, akamuombea baraka. Ni Abdullahi bin Zubayr. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba katika dini mwenye mimba kazi yake ni kukaa nyuma ya pazia.

Sasa tuje kwetu. Nitaanza na wewe bwana, maana nyumba nyingi jambo linaharibikia hapo.

Ulipokuja kuposa, baba wa binti alikuambia: mtoto wangu bado anasoma. Wewe ukajibu mbele ya wazee: hakuna shida, atasoma mpaka amalize, hata mimi napenda bibi aliyesoma. Wazee wakafurahi, mahari ikapokelewa, Fatiha ikasomwa. Miezi minne imepita, binti anatapika asubuhi, na wewe umeanza kusema: sasa wewe ni mama, mambo ya shule yatosha. Ndugu yangu, ile ahadi uliipeleka wapi? Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba masharti yanayostahili zaidi kutimizwa ni yale ambayo kwayo mwanamke amekuwa halali kwako. Ni kweli wanachuoni wamehitilafiana juu ya nguvu ya masharti kama haya. Wafuasi wa Imamu Ahmad bin Hanbal wanampa mwanamke haki ya kuvunja ndoa ikiwa bwana amevunja sharti lake. Sisi wafuasi wa Shafi hatufiki huko. Lakini usijifiche nyuma ya hitilafu ya mashehe. Hakuna madhehebu inayosema kwamba Mwislamu atadanganya wakwe zake ili apate bibi, kisha asiulizwe.

Ninyi wazazi nanyi, ahadi hiyo msiiache hewani. Siku ya kufunga ndoa, itajwe mbele ya mashahidi na iandikwe: atasoma mpaka diploma gani, nani atalipa minervali, wataishi wapi wakati wa masomo. Karatasi moja haimuumizi mtu mwenye nia njema. Na mkumbuke kwamba sheria ya nchi, tangu Kanuni ya Familia iliporekebishwa mwaka 2016, haikubali ndoa ya binti aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo yule wa sekondari muacheni asome, msije mkasema ni hotuba ya Ijumaa iliyowaruhusu.

Bwana anaweza kusema: shehe, minervali na pesa ya maternite haziwezi kutoka mfuko mmoja mwezi mmoja. Hilo ni neno la kweli. Tunajua soko lilivyo, tunajua mshahara unavyochelewa. Basi kaeni wawili mhesabu. Kurani imelifunza jambo hilo hasa. Katika Sura ya pili, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha kwa miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, akamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama kwa kadiri ya uwezo wake, kisha akasema kwamba wakitaka kumwachisha mtoto ziwa mapema, iwe kwa kuridhiana na kushauriana wote wawili. Hebu tazama: hata ziwa la mtoto Mwenyezi Mungu hakumwachia baba peke yake akate shauri, wala mama peke yake. Ikiwa ziwa ni la kushauriana, mwaka mzima wa masomo ya mwanamke utakatwa vipi na mtu mmoja?

Mkishauriana mtaona njia. Vyuo vingi vinapokea minervali kwa vipande. Silabusi inaweza kunakiliwa kwa rafiki. Nguo za mtoto hazina lazima ziwe mpya zote. Na kuna mambo ambayo hayahitaji franka hata moja. Bidoni ya maji ya lita 20 usimwachie mwenye mimba aibebe kutoka kisimani kisha umlaumu kwamba amelala juu ya kitabu. Ibebe wewe. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Nani kati yetu ni mkubwa kuliko Mtume hata bidoni imvunjie heshima?

Na yule anayetaka kumpa talaka bibi kwa sababu mimba na masomo vimemchosha, ajue kwamba hajajitua mzigo. Sura ya 65 imeamuru mwanamke aliyeachwa akiwa na mimba alishwe mpaka ajifungue, na baada ya hapo mwenye kumnyonyesha mtoto wako ana haki ya ujira.

Nanyi mama wakwe, ninawaheshimu, lakini leo mnisikilize kidogo. Mnasema: sisi tulizaa wanane, wengine kumi, tukalima mpaka siku ya uchungu, huyu wa leo ana nini? Mwenyezi Mungu mwenyewe, katika Sura ya Luqman, ameieleza mimba kuwa ni udhaifu juu ya udhaifu. Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba hivyo ndivyo ilivyo. Mlilima kwa sababu hamkuwa na mtu wa kuwapokea jembe. Basi huyu mpokeeni lake.

Kuna na jambo la arobaini. Baadhi yetu wanamwambia binti: umezaa, usitoke nje mpaka siku 40 ziishe, mtihani uache. Tutenganishe dini na desturi. Nifasi ni damu ya uzazi. Kwa madhehebu yetu mara nyingi ni siku 40 na haizidi 60, na ikikatika kabla ya hapo mwanamke anaoga na kusali. Muda ule hasali, hafungi, hatufu, na bwana wake hamkaribii. Lakini hakuna mahali sharia imesema kwamba mwenye nifasi asitoke mlangoni au asishike kalamu. Anayekatazwa kutoka ovyo ni mwenye eda, na hilo ni jambo lingine kabisa. Kwa hiyo siku ya mtihani ikifika baada ya wiki tatu, swali si la arobaini, swali ni la afya: mwili wake una nguvu? alizaa salama au alipasuliwa? mkunga anasemaje? Akisema apumzike, atapumzika. Akisema anaweza kukaa saa mbili kitini, mpelekeni, na mtu akae nje ameshika mtoto.

Binti yangu unayesoma, sasa ninasema na wewe.

Fanya kama Asma binti Umays: uliza mapema. Wengi mnaficha tumbo chini ya vitenge mpaka mwezi wa saba, mnaogopa maneno ya wenzenu kwenye oditware. Kuficha hakupunguzi mimba, kunapunguza msaada. Ukijua tu, chukua kalenda ya chuo na uihesabu pamoja na miezi yako. Mtoto atakuja lini? Ni wakati wa masomo, wa staji, au wa mitihani? Ikiwa ni wakati wa mitihani, usingoje siku ile usionekane halafu uandikiwe sifuri. Andika barua mapema kwa mkuu wa fakulte, tia karatasi ya daktari, na ubaki na kopi iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Uliza kama unaweza kufanya sesioni ya pili, uliza staji inaweza kusogezwa. Usitegemee maneno ya mdomo ya asistanti mkorido. Mfanyakazi mwenye mimba, sheria ya kazi ya mwaka 2002 imempa wiki 14 za kupumzika: sita kabla ya kuzaa na nane baada yake. Wewe si mfanyakazi, sheria ile haikutaji, kwa hiyo lako utalipata kwa kuomba na kwa kuandika. Na wewe unayesomea utabibu au maabara, waambie wakubwa wako kwamba una mimba kabla hujaingia kwenye chumba cha radio au kushika dawa kali.

Kisha nenda CPN. Usiseme nina masomo. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mama aonane na watu wa afya mara 8 kabla ya kuzaa. Wengi wetu bado tumeshika ile hesabu ya zamani ya mara 4, na wengine wanakwenda mara moja tu ili wapate karatasi ya maternite. Kwetu hapa mbu hawana likizo, na malaria ya mwenye mimba inakula damu yake na kumpunguza mtoto uzito. Kunywa vile vidonge vya SP wanavyokupa hospitalini kuanzia mwezi wa nne, kila dozi na mwezi wake. Kunywa vidonge vya kuongeza damu, hata kama vinaleta kichefuchefu. Lala chini ya chandarua, na hata ukirudia masomo usiku, jitahidi ukae humo humo.

Ukiona damu, au kichwa kinauma sana na macho yanaona giza, au uso na mikono vimevimba, au homa kali, au maji yametoka, au mtoto ameacha kucheza, siku hiyo funga kitabu uende hospitali, hata kama ni siku ya mtihani mkubwa kuliko yote. Mtihani una sesioni ya pili. Na wewe unayekaa Alunguli na masomo yako yako ng'ambo, usingoje mwezi wa tisa ukiwa bado unavuka mto kwa mtumbwi alfajiri na mvua. Tafuta ndugu au rafiki upande ule ukae kwake wiki za mwisho. Uchungu ukikushika usiku, mto haukungoji.

Juu ya Ramadhani, kwa sababu ninaulizwa kila mwaka. Mwenye mimba akichelea nafsi yake au mtoto wake, ana ruhusa ya kula. Kwa madhehebu yetu, akichelea nafsi yake, atalipa siku zake tu. Akichelea mtoto peke yake, atalipa siku na kutoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Ruhusa ni zawadi ya Mola, usione haya kuipokea. Kuna mabinti wanaofunga, wanasoma, wanabeba mimba, kisha wanaanguka darasani, na watu wanasema ni ucha Mungu. Ucha Mungu ni pamoja na kuchunga amana iliyo tumboni.

Sasa nifike mahali pagumu. Kuna binti ambaye mimba yake haina ndoa.

Sitalipamba. Zinaa ni haramu, ni dhambi kubwa, na chumba cha kupanga mbali na wazazi hakiibadilishi hukumu yake. Lakini dhambi ile ilifanywa na wawili, na ninachoona ni kwamba anayelipa ni mmoja. Binti anafukuzwa nyumbani na masomo yanakatika. Kijana aliyempa mimba yuko anafanya mitihani yake, tena wazazi wake wanamlipia minervali, na siku ya diploma watampulizia poda kichwani na kucheza. Baba wa kijana, na wewe unasoma karatasi hii. Usiseme hayakuhusu.

Ewe baba wa binti, ukimfukuza usiku ule, umempeleka wapi? Umempeleka kwa yule rafiki mwenye vidonge vya siri, au kwa yule mzee wa mizizi. Huko mabinti wanamwaga damu, wanaona haya kwenda hospitali, wanakufa na kitu ambacho daktari angekizuia. Kutoa mimba ni kuongeza dhuluma juu ya dhambi. Lakini hata kama amekwisha kufanya na damu inatoka, mkimbize hospitali kwanza. Maswali yatakuja akiwa hai.

Katika Sahihi Muslim imo habari ya mwanamke wa kabila la Ghamid. Alikuja kwa Mtume kwa miguu yake akakiri zinaa, naye ana mimba. Mtume alimrudisha mpaka azae. Akarudi na mtoto. Akamrudisha tena mpaka amnyonyeshe na kumwachisha. Akarudi mtoto ameshika kipande cha mkate. Yaliyofuata ni hukumu, na hukumu si kazi ya mtu wa mtaani wala ya kikao cha ukoo. Tunachochukua leo ni hiki: muda wote ule mtoto alilindwa ndani ya tumbo na juu ya ziwa la mama yake, na Mtume akashuhudia kwamba toba ya mwanamke yule ilikuwa kubwa. Ikiwa mwenye mamlaka yote ya dini alimpa nafasi, wewe na mimi ni nani hata tumnyime chakula na shule? Mtoto hana kosa lolote. Kurani imetufunza mahali pengi kwamba mzigo wa mtu hautwikwi mwingine. Mlete binti nyumbani, muonye, asitubu peke yake gizani. Ikiwa wote wawili wanataka ndoa, waje kwa mashehe, maana kuoa mwenye mimba kuna maneno ya wanachuoni na inafaa kuelezwa mtu kwa mtu, si kwenye karatasi.

Tena wapo waliolazimishwa. Tunasikia juu ya walimu wanaouza alama kwa mwili wa mwanafunzi. Aliyelazimishwa hana dhambi, hilo halina hitilafu. Na sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono inamshika hata yule anayetumia cheo chake kumsumbua mtu. Binti, usinyamaze ukidhani kwamba heshima ya familia iko katika kunyamaza kwako. Mwambie mama, mwambie mmoja wetu, tutasimama nawe mpaka mahakamani.

Kwa wale wenye midomo, maneno machache. Watu wanahesabu: ndoa ilikuwa mwezi fulani, mtoto amekuja mwezi fulani, haitimii tisa. Wanachuoni wetu walichukua aya ya mimba na kunyonya kuwa miezi 30, wakatoa miaka miwili ya kunyonya, wakapata kwamba mimba chache kabisa ni miezi sita. Basi hesabu yako ya barazani haina kazi. Na atakayemsingizia mwanamke mwenye heshima bila mashahidi wanne, Sura ya Nuru imemwekea viboko 80, na ushahidi wake hautapokelewa tena. Maryam, mama wa Nabii Isa, alikuwa msafi kuliko wote, na bado watu walimsema kwa kuona mtoto mikononi mwake tu. Kabla ya maneno yao kumfikia, chini ya mtende, Mola wake alimpa maji na tende. Alimlisha kwanza.

Walimu wa vyuo wanaosali nasi hapa, najua kanuni si zenu peke yenu. Lakini Mtume alikuwa akianza sala akitaka kuirefusha, akisikia mtoto analia anaifupisha, kwa sababu ya mama yake aliyekuwa nyuma. Ikiwa sala ilifupishwa, karatasi ya kuahirisha mtihani inaweza kutiwa sahihi.

Nasi wa msikiti tuna deni. Mabinti wanaokuja na watoto wachanga tunawatazama kwa jicho baya mtoto akilia, na sisi tunasoma kila mwaka kwamba Mtume alisali amembeba Umama, mjukuu wake. Upande wa wanawake utengewe kona yenye mkeka kwa wenye watoto. Sadaka ya Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi, ninawaomba wazee wa jumuiya tuitenge kwa wanafunzi wajawazito: pesa ya maternite, nauli ya moto, chandarua. Atakayepewa asitajwe jina mbele ya watu.

Ewe Mola wetu, wahifadhi mama zetu na mabinti zetu katika mimba zao na katika uzazi wao. Warahisishie uchungu na masomo. Wape wanaume wetu huruma, wape vijana wetu haya, wapokee wanaotubu. Watie shifaa wagonjwa wetu, warehemu waliokufa wakizaa, uwahesabu pamoja na mashahidi. Amina.

Tangazo: Akina mama wanaojua ukunga, na mabinti wanafunzi wenye mimba au wenye watoto wachanga, wakutane Jumapili baada ya sala ya Alasiri upande wa wanawake. Aliye na kalenda ya chuo aje nayo.

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Ukiisha kuisoma usiitupe chini wala usifungie maandazi. Mpe mwingine.